Mwalimu wa lugha, wanafunzi 24, wiki tatu nje ya nchi, na watoto nyumbani: mipango inaanzia wapi?

Kalamu_Mbili (mwanzisha uzi)

Wakuu, habari zenu. Naomba uzi huu ubaki wa kazi: hatua, nyaraka, muda, na pale mambo yanapoharibikia. Mazingira ni haya. Mwalimu wa lugha ya kigeni anaongoza wanafunzi 24 wa miaka 15 hadi 17 kwa wiki tatu. Wanalala kwa familia wenyeji, asubuhi darasani, mchana mtaani. Tuchukulie wanakwenda Ulaya, ukanda wa Schengen (nchi zinazotumia viza moja ya pamoja), maana ndiko maswali mengi yanakoelekea. Mwalimu ana mwenzi anayefanya kazi na watoto wawili, wa miaka 4 na 9.

Nianze na lipi? Nyumbani papangwe vipi? Na je, huyu wa miaka 9 anaweza kuongozana na msafara? Natanguliza shukrani.

Bi_Ratiba

Anza na pasipoti. Wengi hukimbilia tiketi kwa kuogopa bei kupanda, halafu wanakuta nusu ya darasa haina pasipoti na nusu nyingine zinakaribia kuisha.

Miezi 12 kabla, kusanya nakala ya ukurasa wa picha wa kila msafiri, walimu wakiwemo. Schengen wanataka pasipoti iliyotolewa ndani ya miaka 10 iliyopita, itakayokuwa hai angalau miezi 3 baada ya siku ya kutoka kwao, na yenye kurasa 2 tupu. Nchi nyingi za nje ya ukanda huo zinataka miezi 6, kwa hiyo shika 6 kama kipimo chako, usibahatishe. Halafu soma ile mistari miwili ya chini yenye alama <<<. Hiyo ndiyo mashine inasoma, na jina la kwenye tiketi lifuate hapo, siyo daftari la mahudhurio. Mwanafunzi anayeitwa kwa majina mawili darasani anaweza kuwa na manne kwenye pasipoti. Mwisho tazama uraia. Darasa moja linaweza kuwa na pasipoti za nchi tatu, na kila moja ina masharti yake, hata ya kubadilisha ndege tu uwanjani bila kutoka nje.

Tiketi: mashirika mengi ya ndege huhesabu watu 10 na kuendelea kuwa kikundi. Bei ya kikundi si lazima iwe ndogo. Faida yake ni kwamba unashikilia viti kwa malipo ya awali na kupeleka majina baadaye. Kabla ya kulipa uliza: majina yanatakiwa lini, mtu akijitoa kinarudi kiasi gani, na jina likikosewa baada ya tiketi kutoka linarekebishwaje. Kisha ukatae ndege ya kuunganisha yenye nafasi ya chini ya saa 2. Watu zaidi ya 24 kwenye ukaguzi mmoja wa mizigo ni foleni peke yao.

Viza ya muda mfupi: maombi hupokelewa kuanzia miezi 6 kabla ya safari, na yasipungue siku 15 kabla. Uamuzi kwa kawaida ni siku 15, ila unaweza kufika 45. Pelekeni miezi 3 kabla. Maombi yaende nchi mtakayokaa muda mrefu zaidi. Mkigawanya muda sawasawa, nchi mnayoingilia kwanza. Wenye miaka 12 na kuendelea hutoa alama za vidole, na aliyezitoa ndani ya miezi 59 iliyopita kwa kawaida harudii.

Kitu ambacho shule nyingi hazikijui: kanuni za viza za Schengen zinasamehe ada ya viza kwa wanafunzi na walimu wanaoongozana nao, safari ikiwa ya masomo au mafunzo. Barua ya shule na ya chuo kinachowapokea ziseme hivyo waziwazi, na majina yote yawemo. Ada ya kituo kinachopokea maombi ni jambo jingine, hiyo jiandaeni kuilipa.

Bima isipungue euro 30,000. Iguse matibabu ya dharura, kulazwa na kurudishwa nyumbani, nchi zote za ukanda, siku zote. Hapo kwenye siku ndipo watu hukosea hesabu: siku ya kufika na ya kuondoka zote zinahesabiwa, kwa hiyo usiku 21 ni siku 22. Bima ya siku 21 inarudishwa dirishani.

Na mkiwaza kuchomoka siku mbili London au Dublin, Uingereza na Ireland haziko Schengen. Mwenye viza ya kuingia mara moja akishatoka, harudi. Ombeni ya kuingia mara nyingi tangu mwanzo, au futeni wazo hilo.

Darubini

Bi Ratiba kamaliza upande wa viza. Naongeza ridhaa na dawa.

Barua ya ridhaa kwa mwenye chini ya miaka 18: isainiwe na wazazi wote wawili, ithibitishwe kwa wakili. Itaje jina la mtoto kama lilivyo kwenye pasipoti, nchi, tarehe, jina na namba ya pasipoti ya mwalimu kiongozi, na anwani ya huko. Iambatane na cheti cha kuzaliwa. Mzazi mmoja akiwa amefariki, weka nakala ya cheti cha kifo. Akiwa hana haki ya malezi, weka amri ya mahakama. Ridhaa ya matibabu iwe karatasi ya peke yake, kwa lugha ya nchi mnayokwenda. Daktari wa zamu usiku hataki kusoma kurasa tatu kutafuta mstari mmoja.

Fomu ya afya waijaze wazazi, kisha mwalimu aongee na kila mwanafunzi faraghani. Ndipo hutokea yale ambayo hayakuandikwa: kifafa kilichotulia, kukojoa kitandani, dawa za usingizi, mtoto asiyekula mbele za watu. Familia mwenyeji iambiwe kile tu inachohitaji ili kumhudumia.

Dawa zibaki kwenye pakiti zake, na barua ya daktari yenye jina la kitaalamu la dawa. Jina la kibiashara halieleweki ukivuka mpaka. Leta akiba ya siku 5 juu ya siku za safari, na igawanywe: nusu kwenye begi la mwanafunzi la mkononi, nusu kwa mwalimu. Mwenye pumu awe na inhela mbili. Insulini isiwekwe kwenye mzigo wa chini ya ndege, ikiganda imeharibika. Dawa za maji zinazohitajika safarini zinaruhusiwa kuzidi mililita 100, mradi zitolewe na kuonyeshwa kwenye ukaguzi.

Tahadhari kwa wanaokwenda kwingine: sheria za dawa hazifanani. Japani imepiga marufuku dawa zenye amfetamini, zikiwemo baadhi wanazopewa watoto wenye shida ya kutulia, na inazuia dawa za mafua zenye pseudoefedrini ya zaidi ya asilimia 10. Kodeini (ya maumivu na kikohozi) nayo inadhibitiwa katika nchi nyingi. Ubalozi uulizwe miezi 2 kabla, wiki 2 hazitoshi kupata kibali.

Halafu mwanzisha uzi, angalia na upande wako. Ukimchukua mwanao, na wewe unahitaji barua ya ridhaa kutoka kwa mwenzio. Walimu hukusanya barua 24 za watoto wa watu na kusahau ya wa kwao. Kama wewe na mtoto hamna jina moja la ukoo, cheti cha kuzaliwa kikae mkononi.

Mtaa_wa_Pili

Mimi nijibu upande wa lugha yenyewe, maana uzi unaelekea kuwa wa mihuri.

Waambieni wazazi ukweli kabla hawajalipa. Wiki tatu hazimpandishi mtu ngazi. Kwa Kiingereza, Cambridge, wale wa mitihani, wanakadiria saa 180 hadi 200 za kufundishwa kufika A2 (ngazi ya mazungumzo mepesi ya kila siku) na 350 hadi 400 kufika B1 (ngazi inayofuata). Wiki tatu zenye vipindi 20 kila moja ni saa 60 tu, hata pungufu kama kipindi ni dakika 45. Kinachobadilika ni masikio na kasi: mwanafunzi anaacha kutafsiri kichwani kila neno, na anaacha kuogopa. Sarufi hubaki karibu palepale. Anayetaka sarufi abaki darasani kwake, ni nafuu zaidi.

Aliye chini ya A2 asipelekwe kwa familia mwenyeji peke yake. Atatabasamu siku nne, siku ya tano atajifungia chumbani.

Kabla ya kuondoka tenga saa 10 hadi 12 za lugha ya kuishi ndani ya nyumba ya watu. Maji ya moto hayatoki. Nimeshiba. Nimepoteza ufunguo. Naumwa hapa, tangu jana. Naomba kufua. Sielewi, nionyeshe. Vitabu vina kurasa nzima za makumbusho na havina namna ya kusema choo kimeziba. Fundisha na adabu ya mahali. Ufaransa, mtu akiingia dukani bila kumsalimia muuzaji kwanza atahudumiwa kwa uso wa mbuzi hata sarufi yake ikiwa safi. Ujerumani maduka mengi hufungwa Jumapili, kwa hiyo kazi ya sokoni usiipange siku hiyo.

Sasa adui mkubwa: wanafunzi watatu wa lugha moja wakikaa pamoja, lugha ya kwao inarudi ndani ya dakika mbili. Kuwakemea hakusaidii. Chuo cha Middlebury huko Marekani, kwenye masomo yake ya majira ya joto, huwasainisha wanafunzi ahadi ya kutumia lugha wanayojifunza tu, lakini wale ni watu wazima na wamezungukwa na mazingira hayo siku nzima. Kwa vijana wa shule ahadi ya wiki tatu mfululizo huvunjika siku ya kwanza. Weka saa maalumu, kwa mfano kuanzia kifungua kinywa mpaka saa 11 jioni, na mahali maalumu, kwa mfano meza ya familia wakati wote. Jioni wapumue.

Mchana uwe wa kazi za wawili wawili, na kazi iwe na jibu lisilopatikana kwenye simu. "Tembelea soko" siyo kazi. Kazi ni: mpate muuzaji mmoja aeleze anaamka saa ngapi, bidhaa moja inatoka wapi, na nini hakiuziki siku hizi, mrekodi dakika 2 kwa idhini yake. Jioni waandike neno kwa neno sekunde 60 za rekodi hiyo. Hapo ndipo kujifunza kunatokea, kwa sababu wanasikia walichodhani wamekielewa na walichosema vibaya. Kesho yake asubuhi darasa linarekebisha sentensi 5 tu, basi. Mwalimu akirekebisha zote, kesho kutwa hakuna anayerekodi.

Bi_Ratiba

Nyongeza ya familia wenyeji, kwa sababu idadi ya wanafunzi kwa kila nyumba inagusa hilo la lugha. Wawili kwa nyumba ni nafuu kiroho, mmoja ni bora kwa lugha. Kwa chini ya miaka 16 chagua wawili, ila wasiwe marafiki wa damu damu. Uliza chuo maswali haya kwa maandishi: watu wazima wa nyumba hiyo wamechunguzwa rekodi ya polisi? Kila mwanafunzi ana kitanda chake? Nani mtu mzima yupo jioni? Umbali hadi darasani ni dakika ngapi na mabasi mangapi? (Usikubali jibu la kilomita.) Kuna wanyama? Kuna nafasi na muda wa kuswali kwa anayehitaji? Chakula asichokula mtoto kwa dini au kwa mzio kiandikwe tofauti, maana familia zikiona orodha moja hudhani yote ni kuchagua tu.

Mkataba useme nyumba inabadilishwa ndani ya saa 24 ikiwa ni usalama, na saa 48 hadi 72 ikiwa ni kutoelewana. Malalamiko mengi ya siku ya pili ni kukumbuka nyumbani kuliko kosa la nyumba. Siku 3 hadi 4 za kwanza ndizo nzito. Simu za wazazi ziwekwe kabla ya chakula cha jioni, siyo kabla ya kulala. Mtoto akilia na mama yake saa 4 usiku, mwalimu atapigiwa saa 4 na robo.

Kalamu_Mbili

Asanteni sana wakuu. Bado upande wa nyumbani. Na watu wazima wangapi kwa wanafunzi 24?

Zamu_ya_Usiku

Watatu ndiyo kima cha chini, wa kike na wa kiume wawemo. Sababu ni hospitali. Mwanafunzi akilazwa, mmoja anakaa naye mchana na usiku. Wakibaki wawili kundi bado linatembea, akibaki mmoja programu imesimama. Kila mtu mzima awe na wanafunzi wake 8, aliowasomea mafaili yao, tangu siku ya kwanza.

Simu ya dharura iwe moja, inazunguka. Usiku wa kwanza wewe, wa pili mwenzako, wa tatu mwingine. Asiye zamu anazima simu na kulala. Msafara usio na zamu humfanya kiongozi awe macho usiku zote, na kufikia wiki ya pili anafanya maamuzi mabovu. Namba ya dharura nchi zote za Umoja wa Ulaya ni 112, bure, waikariri wote.

Kuhusu nyumbani, zamu hiyohiyo ndiyo inayokupa familia yako. Usiku usio wako ndio wa kuongea na mwenzio kwa kirefu. Kuahidi kupiga kila siku saa ileile ni mtego, kwa sababu siku mtoto wa mtu akipotea kituoni saa hiyohiyo, nyumbani kuna mtoto wa miaka 4 anaitazama simu. Ahidi siku tatu kwa wiki zilizo hakika, nyingine ziwe bahati. Kwa wa miaka 4, rekodi hadithi 22 fupi za kulala kabla ya kuondoka, dakika 4 au 5 kila moja, asikilizishwe moja kila usiku. Simu ya video saa ya kulala mara nyingi humwamsha na kumliza. Wa miaka 9 mpe ramani na ratiba yenyewe, awe anaiweka alama.

Mwachie mwenzio karatasi mbili. Ya kwanza ya nyumba: nani anampeleka na kumchukua nani, siku gani, na barua shuleni yenye majina ya wanaoruhusiwa kumchukua mtoto (bila hiyo jirani atarudishwa getini), chanjo na miadi ya kliniki, bili na tarehe zake, ufunguo wa akiba uko kwa nani. Ya pili ya safari: ndege, anwani, namba ya mwalimu wa pili na wa tatu, namba ya bima. Ratiba ya nyumbani ipangwe hadi siku 2 baada ya tarehe ya kurudi. Ndege ikifutwa, viti 27 havipatikani kwa pamoja usiku huo. Kundi hugawanywa, na kiongozi huondoka wa mwisho.

Wiki mbaya kuliko zote kwa familia ni ya mwisho kabla ya kuondoka. Mwalimu yuko nyumbani kwa mwili tu, wazazi 24 wanapiga simu. Funga maswali ya wazazi siku 7 kabla kwa mkutano mmoja wa mwisho, kisha simu ipokelewe na mwalimu wa pili. Na omba siku 3 za mapumziko ukirudi zikiwa zimeandikwa kwenye ruhusa ya safari. Mwenzio aliyelea peke yake wiki tatu ndiye anayezihitaji.

Darubini

Kuhusu mtoto wa miaka 9 kusafiri na msafara: hapana. Mtoto akiugua, wewe ni mzazi au kiongozi? Huwezi kuwa wote wawili.

Zamu_ya_Usiku

Darubini, hapo naona umefunga mlango mapema. Inawezekana kwa masharti: awepo mtu mzima mwingine ambaye kazi yake ni huyo mtoto tu, na wote wawili wasihesabiwe kwenye uwiano wa walimu. Tiketi, bima na malazi vyao vilipwe nje ya mfuko wa msafara, na risiti zionekane. Bima ya shule mara nyingi haigusi ndugu wa mwalimu. Na kwenye viza, mtoto wa miaka 9 asiye mwanafunzi wa programu anaomba kama mtalii, kwa hiyo asitegemee msamaha wa ada.

Bila huyo mtu mzima wa ziada, nakubaliana na wewe.

Darubini

Sawa, kwa masharti hayo napunguza ukali. Lakini familia ifike wiki ya tatu, siyo siku ya kwanza. Siku 5 za mwanzo mwalimu hana hata dakika. Na mtoto wako akiwa na umri wa wanafunzi na yumo kwenye kundi, awe chini ya mwalimu mwingine kabisa: makosa yake, dawa zake, fedha zake.

Kibegi

Siku za kusafiri zenyewe hazijaguswa. Wapeni wanafunzi namba 1 hadi 24 na kila mlangoni wazitaje kwa sauti, kwa lugha wanayojifunza. Kuhesabu vichwa kwa macho kunadanganya, watu husogea.

Treni: mtu mzima mmoja anapanda kwanza, mmoja wa mwisho. Wafundisheni kanuni mapema: mlango ukifungwa ukabaki nje, hubanduki hapo ulipo. Ukipitiliza kituo, shuka kinachofuata na usubiri jukwaani. Wakihama wote wawili, anayetafuta na anayetafutwa, mnapoteza saa.

Pawabenki ziende begi la mkononi tu, na zisizidi Wh 100 (kipimo cha nishati, wati-saa) bila idhini ya shirika la ndege. Hesabu: chukua mAh iliyoandikwa juu yake, gawa kwa 1,000, zidisha kwa 3.7. Ya 20,000 ni Wh 74, inapita. Ya 30,000 ni 111, itakusumbua. Zisizo na maandishi huchukuliwa.

Mpakani tengeni muda. Tangu 12 Oktoba 2025 Schengen wameanza kusajili uso na vidole vya wageni wanaoingia kwa muda mfupi, badala ya kugonga muhuri. Usajili wa mara ya kwanza kwa kundi zima unachukua muda, kwa hiyo anayekuja kuwapokea kwa basi aambiwe.

Fedha: asilimia 10 ya bajeti iwe akiba isiyoguswa, kadi mbili za akaunti tofauti kwa watu wawili tofauti. Fedha za kundi zisipite kwenye akaunti ya nyumbani hata kwa siku moja, mwenzio asije akajibu maswali ya ukaguzi yasiyomhusu.

Kalamu_Mbili

Swali la mwisho, pasipoti zikae kwa nani?

Kibegi

Mwalimu akibeba zote 24 kwenye begi moja, mwizi mmoja anamaliza safari. Wanafunzi wakitembea nazo, mbili zitapotea. Siku za mpaka kila mtu ashike yake kuanzia foleni hadi getini, kisha walimu watatu wakusanye nane nane. Siku za kawaida zifungiwe kwenye kabati la chuo, mwanafunzi atembee na nakala. Nchi nyingine humtaka mgeni atembee na nyaraka halisi, kwa hiyo kiulize chuo kwanza.

Ikipotea: ripoti ya polisi kwanza, kisha ubalozi wa nchi yake kwa hati ya dharura ya kusafiria. Hati hiyo mara nyingi ni ya kurudi nyumbani moja kwa moja, kwa hiyo kagua kama nchi ya kubadilishia ndege inaikubali. Kila mwanafunzi aje na picha 2 za pasipoti za akiba na nakala ya cheti cha kuzaliwa. Kama ubalozi uko mji mwingine, hapo ndipo mtu mzima wa tatu anapopanda treni na mwanafunzi asubuhi, na wawili wanaobaki wanaendelea na ratiba.